ALEXANDER MACKAY, MZUNGU WA KAZI

Katika kurasa hizi tumezoea kuwaletea habari za watu waliotutangulia katika imani. Mara nyingi huwa ni maaskofu, wahubiri na mashahidi. Mara hii twapenda kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa kasisi. Alikuwa fundi wa mitambo, na kazi yake ilikuwa nyundo, msumeno na herufi za chapa. Tumemchagua kwa sababu siku hizi wengi huuliza kama maendeleo ya ufundi, ambayo huitwa pia teknolojia, ni baraka au ni balaa. Maisha ya Mackay hayatupi jibu la neno moja, lakini yatusaidia kuuliza swali hilo vizuri zaidi.

Utoto na Mafunzo Yake

Alexander Murdoch Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, upande wa Aberdeen, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti, mtu msomi, naye alimfundisha mwanawe mwenyewe nyumbani kwa miaka mingi. Mtoto alikuwa hodari wa vitabu, lakini moyo wake ulikuwa kwa mhunzi, kwa seremala na kwenye kinu cha kusagia nafaka. Yasimuliwa kwamba alikwenda kwa miguu maili kadhaa mpaka stesheni, ili apate tu kuitazama injini ya garimoshi iliyosimama hapo dakika chache, kisha akarudi kwao ameridhika.

Alipokua alisomea ualimu mjini Edinburgh, kisha akajifunza uhandisi. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akapata kazi ya kuchora mitambo katika kiwanda kimoja cha Berlin. Kazi ilikuwa nzuri, na mbele yake palikuwa na maisha ya raha. Lakini mwezi wa Novemba 1875 gazeti moja la London lilitoa barua ya msafiri Stanley, aliyekuwa amefika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Stanley alitaka wapelekwe huko walimu wa dini ambao pia wajue kazi za mikono: kujenga, kulima, kutibu wagonjwa. Chama cha C.M.S. kikaitikia, na Mackay akawa mmoja wa watu wanane waliochaguliwa. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo wao wote.

Walipoagwa mwezi wa Aprili 1876, Mackay aliwaambia wakubwa wa Chama wasishangae wakisikia baada ya miezi sita kwamba mmoja wao amekufa, na kwamba habari hiyo isiwavunje moyo, bali wapeleke mwingine kushika nafasi yake. Ikawa hivyo hivyo. Mwenzao mmoja alifariki Unguja mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Kabla ya miaka miwili kwisha wengine watatu walikuwa wamekufa, wawili kati yao wakiuawa huko Ukerewe Desemba 1877.

Barabara ya Saadani

Mackay mwenyewe alishikwa na homa kali njiani, akarudishwa pwani. Alipopata nafuu hakukaa bure. Mwaka 1877 alipewa kazi ya kukata barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili zipatazo 230. Wakati ule mizigo yote ya bara ilibebwa kichwani na wapagazi, kwa njia nyembamba ambayo watu walipita mmoja nyuma ya mwenzake. Mackay aliajiri vibarua, akawapa mashoka, misumeno na sururu, naye akafanya kazi pamoja nao. Walikata msitu, wakajenga madaraja, wakapunguza miinuko. Kwa muda wa siku zipatazo mia moja barabara ilifika Mpwapwa, mji ambao leo ni makao ya dayosisi ya Kanisa letu.

Twapaswa kusema pia yaliyofuata. Barabara ilikuwa njema, na magari yalikuwa mazima, lakini katika pori lile walikuwamo mbung'o. Ng'ombe waliumwa, wakafa mmoja baada ya mwingine, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Fundi alikuwa amepima miinuko yote na mito yote, akashindwa na mdudu mdogo. Ufundi ulioletwa kutoka mahali pengine haufanyi kazi mpaka uifahamu nchi ulikoletwa.

Mashua Iliyokatwa Katikati

Mwezi wa Juni 1878 Mackay alifika Kagehi, kusini ya Ziwa Victoria. Alikuta mali ya misheni imetupwa ovyo: vyuma, vitabu, zana na sehemu za mitambo, vyote vimelaliana na vingi vimeshika kutu. Akakaa siku nyingi akivichambua na kuviunganisha. Mashua yao iliyoitwa Daisy ilikuwa imeoza, naye akaitengeneza. Kisha akavuka kwenda Ukerewe bila silaha ili aonane na mtawala Lukonge, ambaye watu wake ndio waliowaua wenzake. Wengi walimwambia kwamba hatarudi. Akarudi salama, na amani ikapatikana.

Walipoanza safari ya Buganda, dhoruba iliivunja mashua pwani ya magharibi ya ziwa. Hawakuwa na mbao wala mahali pa kuomba msaada. Ndipo Mackay alipoikata sehemu yote ya katikati, akatumia mbao zake kuziba matundu ya mbele na ya nyuma, kisha akaunganisha tezi na omo. Mashua ikawa fupi, lakini ikaelea. Kazi hiyo ilichukua majuma kama manane. Mwezi wa Novemba 1878 akafika mji mkuu wa Mutesa.

Katika Ua wa Kabaka

Tusidhani kwamba Waganda walikuwa watu wasiojua ufundi. Walikuwa na wahunzi wao wa kufua majembe na mikuki, walishona nguo za magome ya mti kwa ustadi mkubwa, walikuwa na mitumbwi mirefu ya vita, na barabara zao zilikuwa pana na zilizonyoka. Hata kusoma hakukuletwa na wamisionari. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walitangulia na herufi za Kiarabu, na Mutesa mwenyewe alijifunza kuzisoma. Kiswahili kilisikika uani, na kwa lugha hiyo Mackay alianza kufundisha, akitumia vitabu vilivyopigwa chapa Unguja kwa kazi ya Askofu Steere.

Mackay alijenga kiwanda kidogo huko Natete. Palikuwa na fuawe na mivukuto, mashine ya kukerezea, na jiwe la kunolea lililozungushwa kwa gurudumu. Watu walimiminika kutazama. Alichimba kisima na kutia bomba la kuvutia maji, na maji yalipopanda juu yenyewe wengine walisema kwamba huyu si mtu, ni lubare, yaani mzimu mkubwa. Mackay alikataa sifa hizo na kuwaeleza jinsi bomba linavyofanya kazi. Jina lililomkaa ni Mzungu wa kazi. Machifu wengi walioona kazi ya mikono kuwa ya watumwa na wanawake walistaajabu kumwona mwalimu wa dini amejaa masizi.

Lakini kila ajabu aliyoifanya ilizaa haja mpya kwa wakubwa. Mwaka 1882 mama yake Kabaka, aliyekuwa na cheo cha Namasole, alifariki. Mutesa alitaka azikwe kama wanavyozikwa malkia wa Ulaya. Mackay akatakiwa kutengeneza majeneza matatu, moja ndani ya jingine, la mbao na la shaba, na la nje likawa kubwa kama chumba. Alifanya kazi hiyo karibu mwezi mzima, mchana na usiku. Shimo lilijazwa nguo za thamani kubwa mno, zikafukiwa pamoja na maiti. Ustadi wake wote uliingia ardhini, wala hakuna mwananchi aliyepata jembe moja kwa kazi ile.

Tena lilikuwapo jambo la bunduki. Wamisionari wa kwanza walipofika mwaka 1877, Kabaka aliwauliza kama wataweza kumtengenezea bunduki na baruti, nao wakajibu kwamba hawakuja kwa kazi hiyo. Twaweza kumwelewa Mutesa. Majeshi ya Misri yalikuwa yakisogea kutoka kaskazini, naye aliogopa kumezwa. Lakini bunduki alizonunua kwa wafanyabiashara zililipwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Ili kupata watumwa wa kulipia, majeshi yalitumwa kuwapiga majirani. Na kadiri bunduki zilivyoongezeka, ndivyo mashambulio hayo yalivyokuwa rahisi. Mackay alilisema jambo hilo waziwazi mbele ya Kabaka, naye akajipatia maadui wengi.

Kalamu ya Unyasi

Kati ya vyombo vyote vya Mackay, kilichoonekana kidogo kuliko vyote kilikuwa mtambo wake wa kupigia chapa. Alichonga herufi kwa mkono wake, akapiga kurasa za alfabeti na za masomo mafupi, kwanza kwa ajili ya vijana wachache waliokuja kibandani kwake jioni. Alijifunza Kiganda, akaanza kufasiri. Vijana hao, wengi wao wakiwa watumishi wa uani kwa Kabaka, waliitwa wasomaji. Kila mmoja aliyejua ukurasa mmoja alimfundisha mwenzake, na hapakuwa na mtu aliyeweza kuhesabu ni wangapi.

Mwaka 1881 kijana mmoja aitwaye Sembera alimletea Mackay barua ya kuomba kubatizwa. Aliiandika mwenyewe, kwa kalamu ya unyasi uliochongwa ncha, na kwa wino wa kujitengenezea. Tarehe 18 Machi 1882 alibatizwa pamoja na wenzake wanne, nao ndio waliokuwa wa kwanza katika Kanisa la Anglikana la Uganda. Akachagua kuitwa Sembera Mackay.

Twaomba msomaji aitazame kalamu ile. Kile kisima cha ajabu kilihitaji bomba, na bomba lilihitaji fundi kutoka Uskoti. Lakini Sembera alipokwisha kuzijua herufi, hakuhitaji kitu chochote kutoka ng'ambo. Unyasi ulikuwa nje ya mlango wake. Watu walitazama bomba wakashangaa, lakini herufi walizichukua wakaenda nazo makwao.

Mateso

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, aliyekuwa kijana bado. Mwanga aliona kwamba ndani ya ua wake wamo vijana wanaoikubali sheria nyingine iliyo juu ya neno lake. Alisikia pia kwamba mataifa ya Ulaya yameanza kunyakua nchi za pwani, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Tarehe 31 Januari 1885 wasomaji watatu vijana, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa moto karibu na Natete. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kuja. Mwaka 1886 yakaja mauaji makubwa, ambayo kilele chake kilikuwa Namugongo tarehe 3 Juni. Mashahidi wanaokumbukwa kwa majina ni Waanglikana 23 na Wakatoliki 22.

Katika siku hizo mtambo wa chapa haukunyamaza. Mackay na mwenzake Ashe walipiga chapa waraka mdogo wa kuwafariji wanaoteswa, na ukapita mikononi kwa siri. Kurasa za Injili ya Mathayo kwa Kiganda ziliendelea kutoka. Watu walikuja usiku kuzichukua, wakijua kwamba kukutwa nazo kwaweza kuwagharimu maisha.

Mwezi wa Agosti 1886 Ashe aliruhusiwa kuondoka, lakini Mackay alizuiwa, kwa kuwa Kabaka hakutaka kumpoteza fundi wake. Ujuzi wa mikono yake ulimlinda asiuawe, na ujuzi huo huo ukawa mnyororo wa kumfunga. Alikaa peke yake karibu mwaka mzima, mchana akitumika kiwandani na usiku akiwafundisha wasomaji, mpaka Julai 1887 alipolazimishwa kuondoka.

Usambiro na Mwisho Wake

Alivuka ziwa, akakaa Usambiro, kusini ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hapo akaanza tena: akafyatua matofali, akaendelea kufasiri na kupiga chapa, akawa anaunda mashua ya mvuke kwa ajili ya ziwa. Stanley alipopita mwaka 1889 akitoka bara na Emin Pasha, alikaa kwake kama majuma matatu, akamsihi warudi pamoja Ulaya apumzike. Mackay, ambaye hakuwa ameiona nchi yake kwa miaka kumi na mitatu, alikataa kuondoka kabla hajapatikana mtu wa kushika nafasi yake. Mwezi wa Februari 1890 homa ilimshika akiwa kazini, akafa baada ya siku chache. Alikuwa na umri wa miaka 40. Mashua yake haikuwa imekwisha. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa, ikazikwa Namirembe karibu na kanisa kuu.

Yaliyofuata

Mambo yaliyofuata hayakuwa mazuri yote. Wasomaji wa Buganda waligawanyika. Kuanzia mwaka 1888 Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipigania kiti cha enzi, na Januari 1892 Wakristo wa pande mbili walipigana wao kwa wao huko Mengo, kwa bunduki. Watu wale wale waliojifunza kusoma kuhusu amani walishika silaha zilezile ambazo Mackay alizilalamikia. Kujua kusoma hakukumfanya mtu awe mwema.

Tena Mackay alitamani sana ijengwe reli kutoka pwani mpaka ziwani, kwa kuwa aliona kwamba garimoshi litaua biashara ya watumwa na kumpumzisha mpagazi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu Desemba 1901. Mpagazi alipumzika kweli. Lakini katika ujenzi huo vibarua wa Kihindi karibu 2,500 walikufa, na reli hiyo hiyo ikawaleta walowezi waliochukua ardhi ya wenyeji wa Kenya. Chombo kikishawekwa duniani hakiulizi tena nia ya aliyekitamani.

Hata hivyo, kazi ya chapa iliendelea bila Mackay. Mwaka 1896 Biblia nzima ilikuwa imekamilika kwa Kiganda, kwa juhudi ya George Pilkington pamoja na Henry Wright Duta, Mganda, ambaye naye alikuwa mmoja wa wasomaji wa siku zile. Walimu waliotoka Buganda kwenda Bunyoro, Toro na Ankole walikuwa Waganda wenyewe. Kiwanda cha Natete kilikwisha, barabara ya Saadani ilimezwa na majani, lakini herufi zilikuwa zimepata wenyeji.

Funzo kwa Parishi Zetu

Ndugu wasomaji, leo tumezungukwa na vyombo ambavyo Mackay hakuviota. Simu ya mkononi imo mfukoni mwa kijana wa kijijini, na kompyuta zimo maofisini na shuleni. Wengine wetu huvilaani vitu hivi, na wengine huvisujudia kama wale waliosema bomba ni lubare. Njia zote mbili hazitufikishi mbali.

Twapendekeza maswali matatu, nayo yote yametoka katika maisha ya mtu huyu. La kwanza: je, chombo hiki kinaijua nchi yetu, au kitakufa kama wale ng'ombe wa Saadani? Ni nani asiyepata kuona pampu ya kijiji imesimama kwa kukosa kipuri na fundi? La pili: je, kinamtumikia nani, mwenye jembe au mwenye jeneza la shaba? La tatu, ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko yote: je, tunakitazama tu, au tunafundishwa kukifanya? Parishi ikinunua mtambo bila kumsomesha kijana wa kuutunza, imenunua ajabu ya kutazamwa. Ikimsomesha kijana mmoja, naye akamfundisha wa pili, imepanda kitu kisichong'olewa kwa urahisi.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa kanisa, wazazi na walimu wasione kazi ya mikono kuwa ya wale tu walioshindwa masomo. Mtoto apendaye kufungua redio iliyoharibika ili aone ndani yake asichapwe. Apewe bisibisi, na awepo mtu mzima wa kumwongoza, kama yule mchungaji wa Rhynie alivyomlea mwanawe. Bwana, aliyekuwa seremala wa Nazareti, na aibariki mikono ya vijana wetu, na awape moyo wa kujua ni kazi gani ya kufanya na ni kazi gani ya kukataa.